Gari Halitamngoja Mtu

Kampala, Jumapili baada ya ibada

Wapambanaji wenzangu wa nyumba ya Baba,

Ninyi ambao hamkuwahi kushika bango wala kupanda jukwaani, lakini kwa miaka kumi na mmoja mmepambana na foleni, vumbi na ahadi: nawasalimu kwa heshima yote. Baba, kifua kimetulia? Koko, bibi yetu, macho yanaonaje siku hizi? Mama, mahindi yaliota baada ya mvua ile moja, au ardhi imekula mbegu tena? Wewe Riziki, mdogo wangu, sikuulizi hali. Nilimuuliza Mama kwa simu, naye akageuza mazungumzo. Kule kugeuza kwake ndiko kulikonikalisha hapa kuandika. Mapacha wamsomee Koko barua hii polepole, wala wasiruke mahali panapouma.

Mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, nahudhuria masomo. Ila sauti yangu imeniishia. Wenzangu chuoni hushangaa kuniona nimekaa viti vya nyuma, mimi niliyezoea kunyang'anya kipaza sauti. Hawajui kilichotokea Desemba iliyopita. Ninyi mnajua upande wenu tu. Wa kwangu sikuwahi kuueleza wote.

Mahojiano ya Riziki kupelekwa nje kutibiwa yalikuwa saa nane mchana, siku mbili kabla ya Noeli. Daktari wa Mbarara alikwisha kusema kwamba moyo ule hautatengenezwa katika nchi hii. Ofisi ya wakimbizi nayo ilikwisha kusema kwamba familia iliyoandikwa watu saba huhojiwa ikiwa watu saba, kila mmoja na vidole vyake juu ya mashine. Nilijua hayo yote. Lakini siku moja kabla kulikuwa na mkutano wa wanafunzi wakimbizi, nami nilikuwa mwenyekiti. Nikajiambia: nitahutubia leo, nitasafiri kesho alfajiri, nitafika mapema. Nilihutubia. Nilisema kwamba sisi tulioachwa na dunia hatutaachana, na kwamba gari letu la kwenda kambini Nakivale halitaondoka pungufu ya mtu mmoja. Nikaitisha kura. Mikono yote ikapanda, na wangu ukapanda wa kwanza.

Kulipopambazuka tulikuwa ndani ya gari la Mzee Hamidu, yule dereva wa Mbarara anayetuchukua kila sikukuu. Bonane, mmoja wa waliopiga kura, hakuwepo. Matokeo ya somo lake yalikuwa yamepotea, naye alikuwa mlangoni mwa idara akingoja wafungue, ayadai kabla hawajafunga kwa Noeli. Saa moja ikapita, ya pili ikapita. Mzee Hamidu akanigeukia, kofia yake mkononi.

"Nyabo, jam haipigangi kura. Mimi nasema twende."

Nilimjibu kwa hotuba. Nilimweleza habari za mshikamano, mzee wa watu aliyeswali alfajiri na kuwasha injini kwa wakati. Alinisikiliza hadi mwisho, akazima gari. Bonane alifika saa nne, karatasi yake mkononi, tukampigia makofi.

Mnaijua njia ya Masaka siku za Noeli. Mji mzima unahama kwa siku tatu: mabasi, malori, magari madogo yenye magodoro juu na mbuzi nyuma. Kutoka Busega, mlangoni mwa Kampala, tulikwenda kwa mwendo wa maandamano ya mazishi. Saa nane, wakati mlipoitwa ndani, mimi nilikuwa bado sijaiona Lyantonde. Tulipovuka mto Rwizi jua lilikuwa limeinama, na Mama akapiga simu. Maneno yake ninayo hadi leo kama yalivyotoka:

"Baliuliza, wa saba iko wapi? Nikabaambia iko mu njia. Bakasema njia haina vidole."

Hukunilaumu, Mama. Baba naye aliniambia tu nile kitu hapo Mbarara kabla ya kupanda gari la Kaberebere la kuja kambini. Laiti mngenitukana. Faili likarudishwa chini ya mafaili mengine, na mwaka mzima Riziki amekuwa akipungukiwa na pumzi. Mwaka jana alipanda kilima cha kanisa akipumzika mara moja. Sasa, nasikia, hata mlangoni hatoki bila mkono wa mtu.

Tarehe mpya tumepewa: Jumatano ya wiki ya Noeli, saa tatu asubuhi. Nimekaa na Mzee Hamidu, tumepanga safari kama watu wanaopanga mapinduzi. Tutaondoka Jumatatu, siku mbili kabla, saa kumi alfajiri, kabla malori hayajaamka. Tukisikia njia ya Masaka imejaa, tutachepuka Mpigi tuzunguke kwa Sembabule, hata kama ni mbali zaidi. Mbarara hatutasimama sokoni, hivyo mapacha wasitarajie viatu. Nikikwama, nitalala kwa Shangazi, pale Nyamitanga ya Mbarara, na Jumanne nitakuwa nayo yote ya kuja hata kwa miguu. Ramani ninayo, saa ninayo. Imani ndiyo sina. Nimeona mipango mingi mizuri ikifia barabarani.

Juzi Bonane alikuja kuomba kiti. Nilimtajia saa ya kuondoka. Akacheka, akauliza: na nikichelewa? Nikamwambia tutamwacha. Alidhani natania. Alipoona sitanii, uso wake ukabadilika.

"Basi na wewe umekuwa ofisi."

Alikuwa na haki, na mimi nitamwacha. Ndugu zangu, hivi ndivyo tunavyoshindwa. Wanatufanya tuhesabiane kama wanavyotuhesabu, kisha tunaona aibu sisi, si wao.

Sasa Baba, neno langu la mwisho, nawe uliweke moyoni bila kubishana na Mama mbele ya watoto. Nikikosekana siku hiyo, usiseme niko njiani. Omba karatasi ya kuondoa mtu, utie sahihi, ulifute jina langu. Nimeuliza: familia ya watu sita huhojiwa ikiwa sita. Mimi ni mtu mzima, nitajiandikisha peke yangu kwenye mapokezi ya Kabazana kama aliyevuka mpaka jana. Mkisafiri nitabaki, na huenda tusionane tena kwa miaka mingi. Najua ninachokiomba. Koko, mtu asikuambie kwamba nimefukuzwa. Nimejitoa mwenyewe.

Nisalimieni Mchungaji wetu aliyemwombea Riziki, Mama Furaha jirani anayetuchotea maji, na fundi baiskeli aliyempeleka mgonjwa wetu zahanati bila kungoja kuombwa. Shangazi nimemwandikia.

Ni mimi binti yenu, na dada yenu,
Zawadi

Mkusanyike Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi, mlangoni pa ofisi. Riziki aje amebebwa. Saa tatu wakiita, ingieni.