Valvu Niliyoing'oa Kwenye Gari la Mjomba

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukiisoma hewani usinicheke, maana mtaani kwetu mimi ndiye Daktari, si wa watu, wa magari, shule niliiacha kidato cha pili lakini hao waliomaliza wananiletea magari yao, nami nawacheka kwanza ndipo nashika spana. Sasa mjomba, dereva mstaafu, kanunua gari-nyumba kuukuu, lina kitanda, jiko na choo, nalo halikalii springi za chuma, linakalia mifuko ya mpira inayojazwa upepo, na kila asubuhi tunalikuta limelalia kushoto kama mlevi, nikabadilisha mifuko miwili, nikalipandisha jeki nikapaka maji ya sabuni kutafuta panapovuja, povu hakuna, nikaona mchawi ni kivalvu kinachozuia mifuko isinywe upepo wa breki, nikaking'oa, nikaunganisha bomba moja kwa moja, gari likainuka palepale, mjomba akapiga makofi, "Fundi wangu!", na tangu nizaliwe alikuwa ananiita "wewe".

Kesho yake limelala tena, na safari hii mshale wa upepo wa breki nao uko chini. Na breki zake zinatumia upepo huohuo. Tangu hapo kila asubuhi namtangulia, naliwasha mpaka lijae, akitoka analikuta limesimama wima, namwambia napasha injini. Kivalvu chenyewe kilikwenda na gari la taka. Jumamosi wanaondoka, yeye, mkewe na mama yangu, kuna mteremko wa kilomita kumi na mbili, na mama kaniuliza, "Mwanangu, halitatuangusha hili?" nikamjibu, "Mama, nililolishika mimi hata mti linapanda," akacheka, mimi nikaenda kukaa nyuma ya choo cha uani peke yangu. Sili, silali. Nikisema, narudi kuwa "wewe". Nisiposema je? Tena mjomba hukusikiliza redioni, hawashi gari kabla hujamaliza kipindi chako.

Daktari wa Magari

*

Daktari, barua yako haina namba ya simu na imenifikia leo, Jumamosi, ndiyo maana nimeisoma yote, neno kwa neno.

Nimempigia fundi wa malori kabla sijaingia studio. Aliguna, kisha akakutukana kidogo, sitarudia. Anasema ulipolipandisha jeki uliiondolea mifuko uzito, tundu likajificha. Sabuni hupakwa gari likiwa juu ya magurudumu yake, limejaa upepo, magurudumu yamewekewa kabari, na mtu asiingie chini. Upake maungio yote, na pale bomba linapojisugua kwenye chuma. Valvu mpya ifungwe na fundi wa breki za upepo, si wewe. Wewe utashika tochi.

Nakuonea huruma, mdogo wangu. Jina zuri ulilipata siku moja, ukaogopa kulipoteza. Lakini umemwacha mama yako akacheka! Miteremko haijui majina ya watu. Na hilo la "fundi" litaondoka leo, sikufichi, na huenda lisirudi.

Ila uliniambia mjomba hunisikiliza. Ulijua unachofanya ulipoandika vile. Basi amesikia. Yuko hapo mezani, redio iko kati yenu, na sasa hivi anakutazama. Usiitazame redio. Chukua funguo, mpe mama yako mkononi, kisha useme mwenyewe, hata kama ameshajua.

Nanyamaza, ili useme.