Ndoo Nyekundu ya Gleb

Jumatatu, 14 Januari
Siku ya kumi na moja ya ndoa! Nikisikia "mume wako" bado nageuka kutazama ni mume wa nani. Ni wangu! Gleb wangu — aliyekuwa wa pili nchini kwa kuteleza kwenye barafu, kabla goti halijamharibikia. Sasa ni kocha hapa mjini Perm, na shingo ni ileile ya kwenye picha za magazeti. Keshokutwa nitamwona kazini! Nimemshonea gauni Taisia, mwanafunzi wake hodari kuliko wote, ana miaka kumi na miwili. Shanga mia tatu, zote kwa mapenzi.

Jumatano, 16 Januari
Sijui niandikeje. Wasichana wanapanga foleni kwenye mizani, Gleb anasoma uzito kwa sauti. Taisia kaongeza gramu mia mbili. "Jamani sogeeni, treni ya mkaa inapita!" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Ptuu!

Kisha maji. Kila mmoja fundo moja, anasukutua, anatema kwenye ndoo nyekundu. Kumeza marufuku. Gleb anawatazama koo. Mate yanaelea juu kama utando wa maziwa — kichefuchefu kitupu.

Nyumbani nikamuuliza. Akanibusu kwenye paji la uso. "Mpenzi, mimi nilitema miaka kumi. Unadhani medali ile ililetwa na supu?" Medali yenyewe inaning'inia juu ya kitanda chetu. Nikalifuta busu. Mara ya kwanza.

Ijumaa, 18 Januari
Nimemkuta Taisia chooni. Kafunua tangi la choo, anachota kwa kiganja. Anakunywa! Maji ya kutu, yana utelezi!

"Anti, usimwambie. Atanitoa kwenye mashindano ya Jumapili."

Nikampa chai yangu yote, yenye asali. Alikunywa macho kafumba, bila kupumua.

Jumamosi, 19 Januari
Taisia, gramu mia tatu zaidi. "Nani kamnywesha huyu?" Gleb anauliza. Taisia hakunitazama hata mara moja. Gleb akamvalisha jaketi mbili za nailoni, akamkimbiza kwenye ngazi mpaka akatapika. Nami nipo palepale, narudishia shanga iliyodondoka. Chai ilikuwa yangu. Najionea kinyaa kuliko hiyo ndoo.

Baadaye tukaenda kanisani, foleni ya maji ya baraka, kwa kuwa leo ni Sikukuu ya Ubatizo. Gleb kautia mkono wangu ndani ya mfuko wa koti lake. Una joto gani huo mfuko! Nampenda. Hilo ndilo linalonichefua zaidi.

Jumapili, 20 Januari
Uwanjani. Zimebaki dakika saba Taisia aitwe. Gleb kaleta chupa ya maji ya baraka, eti wasukutue wapate bahati.

"Na kutema?"

"Na kutema, ndiyo. Shika ndoo, mpenzi. Sasa wewe ni mtu wa nyumbani."

Maji ambayo mama yangu hakubali hata tone lianguke sakafuni!

Nimebeba vyote, ndoo na chupa, nikamvuta Taisia, tumejifungia chooni. Naandika nimeikalia ndoo. Taisia kajaza mashavu, kanikodolea macho, anasubiri.

Mlango unagongwa. "Mpenzi? Ndoo iko wapi?" Sauti ileile tamu ya kila asubuhi.

"Meza," nimemwambia Taisia. Kwa sauti, Gleb asikie.

Koo limepanda, limeshuka. Taisia anainua chupa tena —