Sahani Zilizovuka Barabara

Shangazi,

Mungu akulaze pema, na unisamehe nikianza na habari za jikoni kabla ya habari za watu. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba ni zilezile. "Usimuulize mtu nani wake," ulikuwa ukiniambia. "Pindua sahani zake."

Hapa Konde kila nyumba bado inatia alama ya rangi ya kucha chini ya sahani, zisipotee zikipelekwa futari. Ukipindua za kabatini kwa jirani yetu Bi Mize utajua anakula na nani, hata akiapa kwamba yeye hana makundi. Sasa nimesoma kwenye simu kwamba wataalamu hufanya hivyohivyo kwa kompyuta. Wanamchora kila mtu kama nukta, wanaunganisha nukta kwa nyuzi, halafu wanaukata uzi unaopitiwa na wengi kuliko zote. Vipande vinavyobaki ndiyo makundi. Nikacheka peke yangu. Wewe kompyuta hukuwahi hata kuiwasha.

Lakini uzi wenyewe ulikuwa wewe, Shangazi. Tangu ulipotutoka, hakuna sahani iliyovuka barabara. Wa huku wakala na wa huku, wa kule na wa kule. Hawakugombana, ila hawakuwa tena na wa kumpitia. Nikaogopa. Yangeendelea hayo, watoto wetu wangekuja kusalimiana kama abiria.

Basi hitma yako ya arubaini wakaja wote, na sahani zao. Nikajitolea kuosha. Bi Mize alishangaa, maana unanijua mie na vyombo. Nikaosha, nikafuta, nikampa kila mmoja rundo lake limefungwa vizuri kwenye kitambaa.

Hakuna aliyepata zake.

Kesho yake Bi Mize huyo mlangoni. "Wee mtoto umepofuka? Hizi za Bi Sharifa wa kule." Nikamwambia basi ampelekee. Akasimama, akafikiri. Sahani ya mtu hairudi tupu.

"Sasa mie nipike nini?"

Alipika mkate wa kumimina. Bi Sharifa akajibu kwa vitumbua. Sasa wanabishana nani kazidisha iliki, na kwangu hiyo ni dalili njema.

Yako, ya nukta ya kijani, ninayo mie. Naahidi haitalala kabatini: Ijumaa inavuka na ndizi za nazi, na ikirudi itavuka tena.

Pumzika, Shangazi. Na ukiulizwa huko nani alizichanganya sahani, wewe ulikuwa umelala.