Kumbe Farasi Hakushinda

Mwaka umetimia, Nyale Mwaro, tangu ulipotutoka pale nyumbani Barani, na mkeo Kadzo bado ana hasira nawe. Tulitaka kuandika maneno matamu kama wanavyoandika wengine. Amekataa. Amesema andikeni kweli, maana huyo baba yenu kwa uongo alikuwa hashikiki.

Ulikuwa mtu mwema, hilo hapana anayelibisha. Banda lako la video lilijaa kila Jumamosi, na watoto uliwaketisha mbele kwenye mkeka ili wasizibwe na vichwa vya wakubwa. Ulisimama kando ya televisheni na kipaza sauti, taulo begani, ukitafsiri kila neno la Kizungu, na pale usipoelewa ukatunga lako. Wachina wa picha zako za kareti walitukanana kwa Kigiriama, na watu wakacheka mpaka wakatokwa na machozi.

Lakini picha uliyoipenda kuliko zote ni ile ya zamani ya mbio za farasi, isiyo na rangi, iliyojaa mikwaruzo. Humo mlikuwa na farasi jike mmoja mwembamba, aliyedharauliwa na kila mtu, ukampa jina la mkeo. Banda zima lilipiga kelele, "Kadzo! Kadzo!" Mwenyewe yuko mlangoni anauza mahamri, anajifanya hasikii, na meno yote nje. Farasi wakifika kona ya mwisho ulizima, ukatangaza: "Kadzo ameshinda! Haya, nyumbani, mashine imepata moto." Hakuna aliyewahi kuona zaidi ya hapo.

Leo asubuhi, kwa kuwa ni siku yako, binti yako Pamela aliiweka picha ile sebuleni. Mama aliketi akatazama, akicheka pale pale ulipokuwa ukituchekesha. Kona ya mwisho ikafika, na hapakuwa na mtu wa kuzima.

Farasi hakushinda. Alianguka kabla ya kufika mwisho, wenzake wakampita. Yule aliyempanda akapiga magoti mchangani, akakipakata kichwa chake mpaka farasi akakata roho.

Mama aliinuka wima. "Kumbe! Kumbe hata hili alinificha! Mzungu wa watu kampakata farasi wake mpaka mwisho. Miye, mke wa ndoa, nikapelekwa Mariakani!"

Maana ndivyo ulivyomfanyia. Daktari alishakwambia moyo umechoka na siku zako si nyingi. Nyumbani ukasema ni gesi tu, ukaomba maji ya tangawizi. Siku ile ya mwisho ukamhimiza aende kwa dada yake Mariakani. "Nenda, mama Randu, miye mzima kabisa." Aliporudi alikuta viatu vya watu vimejaa mlangoni. Nduguyo Mwaringa, aliyekuwa akikusindikiza hospitali kwa siri, alikuja kutuambia kwenye hanga, kule matangani, tulipokwisha kukuzika.

Ulidhani unamwonea huruma. Ulimdhulumu, Nyale. Alikuwa na maneno ya kukwambia, na mengine hata hayakuwa mazuri, lakini yalikuwa yako, na sasa hana pa kuyapeleka.

Jumamosi hii banda litafunguliwa tena. Karibuni nyote mnaosoma hapa. Mama ndiye atakayeshika kipaza sauti. Mwanao Randu alimshauri azime kwenye kona, watoto wasije wakalia. Alimkata jicho.

"Hapazimwi kitu. Akianguka nitasema kaanguka. Kisha nitapiga magoti pale mbele ya televisheni, nimuage yule farasi. Nitasema yote niliyokuwa nayo, na watu wasikie."

Wanaokukumbuka ni mkeo Kadzo. Wanao Randu, Pamela na Dena. Wajukuu zako wote. Shemejiyo wa Mariakani. Na nduguyo Mwaringa wa Junju, ambaye mama hajamsemesha tangu hanga, ila amesema naye aandikwe.

Tutakukumbuka siku zote, Nyale, na hatutazima kabla ya mwisho.