Mkungu Uliofungwa Kamba

Mama Koku,

Bado sijazoea. Asubuhi nauliza chai iko wapi, halafu nabaki nimesimama mlangoni kama mgeni aliyekosea nyumba, natazama kaburi lako pale kibanjani, katikati ya migomba yetu. Uliondoka ghafla mno. Ulikuwa unamenya ndizi, ukasema unajiegesha kidogo. Kidogo gani hii?

Sasa kaa vizuri, kama huko mnakaa, nikuambie ya Jumapili.

Ule mkungu mkubwa wa mpakani, uliokuwa umeufunga kamba ya mgomba kuonyesha kwamba ni wa Mungu, ulikomaa. Unajua nilivyokuwa nakutania: Mungu hana meno, kwa nini umpe huo, sisi tubaki na midogo? Basi nikaenda na panga, nia yangu kuula. Nikaiona kamba na fundo lako. Mkono ukagoma. Nikaubeba hadi kanisani, mimi ambaye hukaa karibu na mlango ili nitoke kabla ya matangazo.

Baada ya ibada ukapigwa mnada pale nje kama kawaida. Nani akapandisha bei mpaka wengine wakanyamaza? Kaijage. Jirani yule yule aliyeng'oa mimea ya mpaka akaipanda upya ndani ya kibanja chetu, ambaye sijamsalimu tangu Koku yuko shule ya msingi, na leo Koku ana watoto wake huko Miembeni. Huyo niliyemfungia mlango kwenye msiba wako, alipoleta chakula kama majirani wengine. Alirudi nacho, watu wote wakiona.

Akauinua mkungu, akaja akauweka miguuni pangu. "Baba Koku, chakula changu ulikikataa. Hiki ni cha Mungu. Haya, kikatae."

Watu walicheka. Mchungaji akajifanya anafuta miwani.

Mama Koku, kila jioni ulikuwa unanisomea ule mstari, adui yako akiwa na njaa, mlishe. Nakuuliza, "Hata Kaijage?" Unajibu, "Hasa Kaijage." Basi miaka yote nikajua adui ni yeye, nikamsubiri ashikwe na njaa. Hakushikwa, migomba yake inanenepa tu. Haikuniingia akilini kwamba siku mstari ukifika kwetu, mwenye njaa nitakuwa mimi. Nilikaa kwenye ngazi za kanisa. Kumbe mle kwenye Biblia, adui ni mimi. Na wewe ulikuwa unajua, ukaninyamazia.

Leo nimemenya mwenyewe ndizi za mkungu ule. Vidole vyeusi kwa utomvu, nusu ya ndizi imebaki kwenye maganda. Maharage nimetia, chumvi nimekisia. Halafu nikasimama mpakani, nikamwita Kaijage. Sauti ilitoka kama ya jogoo mwenye mafua. Akajibu, "Nakuja, Baba Koku," kana kwamba hata jana nilimwita.

Namsikia anakohoa huko migombani. Usinisifu mapema, ule mpaka sijausahau, tutauzungumza tukishashiba. Ila nakuahidi, mlango huu sitamfungia tena. Na nimekwisha kuchagua mkungu mwingine, mkubwa, nikaufunga kamba. Fundo ni lile la kufungia mbuzi. Mungu atavumilia.

Pumzika, mama. Amefika. Naenda kufungua.

Mumeo,
Baba Koku