Jiko Lako Nimelibomoa, Mama

Mama mkwe wangu mpendwa,

Jiko lako nimelibomoa. Mimi mwenyewe, kwa nyundo ya mwanao, naye amesimama pembeni ameshika kichwa: "Wee! Mama atatulaani!" Nikamwambia mama yake namjua kumshinda.

Unakumbuka tulivyofika Kasongo, tumekimbia bunduki kule Kabambare? Tulilala katika jiko la watu, na asubuhi tulitoka mapema ili wenye nyumba wapike. Wengine walikuwa wakiomba unga na nguo. Wewe ulikwenda kwa chifu ukasema, "Mimi siombi nyumba. Naomba udongo." Akakupa kipande kile cha mteremko karibu na bonde, nadhani ili umwache apumzike.

Ndipo chama chetu kilipoanzia. Ulikusanya wanawake wa misa na wanawake wa msikiti, na vijana wachache waliokuogopa. Salongo kila Jumamosi, kazi ya pamoja bila mshahara, chakula ni muhogo na majani yake, sombe. Na sheria ikawa moja: ukijengewa nyumba, unamfyatulia matofali anayekufuata. Hivyo hata asiye na kitu aliweza kupata nyumba. Siku ile uliponirudishia tofali langu lenye ufa mbele ya watu wote, nililia kwa hasira. Ukaniletea maji ya kunywa na kusema, "Lia, lakini ufyatue lingine." Ee Mama, ulikuwa mkali!

Wewe ulijengewa mwisho kabisa. Jiko lako la matofali ya kuchoma, lenye chokaa nyeupe, hakuna aliyeliingia na matope miguuni. Na kwetu, unajua, mukamwana hahamishi hata jiwe la mafiga ya mama mkwe wake. Tangu tulipokuzika nilipika humo kama mgeni.

Sasa sikiliza. Alikuja Mama Feza kutoka Salamabila, mume wake amefukiwa na shimo la dhahabu. Alikuwa akilala na watoto darasani, na masomo yalikuwa yanakaribia kuanza. Tukamwanzishia nyumba. Kuta zikafika madirishani, na matofali ya kumalizia yakawa yanakauka chini ya bashi, lile turubai letu, tukingoja kuyachoma. Ndipo mzee mmoja ng'ambo ya bonde akafariki. Wakaja kuazima bashi, waombolezaji wasipigwe na jua. Tungewanyimaje? Tukatoa bashi, na sisi wote tukaenda kwenye kilio. Mvua ikanyesha mchana ule ule. Tuliporudi, matofali yote yalikuwa tope.

Wenzangu wakasema tungoje kiangazi. Nikawauliza, na watoto wa Mama Feza wangoje wapi? Nikarudi nyumbani nikatazama matofali ya jiko lako. Niliogopa, sikufichi. Kisha nikachukua nyundo.

Mama Asha, yule jirani wa msikitini mliyekuwa mkibishana naye kila Jumamosi, alisikia kishindo akaja mbio. Nikajua atanitukana. Akazunguka jiko, akaokota tofali, akalipangusa chokaa kwa kanga yake.

"Haya hayatafika juu," akasema.

"Najua."

"Basi ngoja nami nibomoe ukuta wa bafu langu. Nitaogea nyuma ya majani, kwani kuna nini cha kuona bado?"

Tulicheka mpaka nyundo ikaniponyoka! Kufikia jioni habari ilikuwa imezunguka. Wote uliowajengea wakaanza kuleta: huyu kavunja baraza ya mbele, yule kavunja banda la mbuzi, wanasukuma kinga, baiskeli zao, zilizolemewa na matofali. Hakuna aliyeitwa, Mama. Nilisimama katikati ya njia nikawatazama watu wako, na nilijivuna.

Kuta zikapanda, mabati yakapigwa. Siku ya kumkabidhi Mama Feza nyumba tulijipanga mlangoni, tumevaa vizuri, chifu ana hotuba yake, mimi nina yangu. Akaingia na watoto kuangalia ndani. Mlango ukafungwa. Tukasikia komeo likipita.

Tukangoja. Chifu akakohoa, akainua mkono abishe hodi.

Mama Asha akamshika mkono. "Mwache, shefu. Toka Salamabila huyu mama hajafunga mulango wake."

Basi tukakaa chini pale nje, wote, na nguo zetu nzuri, bila hotuba. Ndani watoto walianza kucheka.

Nakuaga hapa, Mama. Napika uani, moshi wote machoni, na sitaki kuhurumiwa.

Mukamwana wako, mke wa mwanao