Pedi ya Ndani

Jumatatu, 3 Februari

Nimechomoa gari kwenye umeme asubuhi, nikapeleka vitenge Kagerankanda kwa akina mama wa kikundi, nikarudi Kasulu kufungua duka. Safari ileile ya kila mwezi. Barabara ileile. Lakini chaji imeshuka vibaya. Siku zote narudi na zaidi ya nusu. Leo imebaki robo. Feni sikuwasha. Mzigo ulikuwa mwepesi.

Nimempigia Zaina, Dodoma. Binti yangu huyu ndiye aliyeninunulia gari la umeme, lililotumika Japani, ili niache kuhangaika na bodaboda. Kasema labda betri inazeeka. Nimeudhika. Kila kitu kikiharibika siku hizi jibu ni uzee.

Jumatano, 5 Februari

Kuna sauti. Gari hili halina mngurumo, kwa hiyo kila kitu kinasikika, hata kokoto. Hii si kokoto. Ni kama mtu anakwangua ukoko kwenye sufuria. Gurudumu la mbele, kushoto. Nikienda polepole naisikia. Nikikanyaga breki inazidi.

Nimelipeleka kwa fundi wa karibu na stendi. Kachungulia katikati ya rimu kwa tochi ya simu.

"Pedi zako nzima, mama. Nene kabisa. Magari haya hayali breki."

Ni kweli hayali. Ukiinua mguu tu, mota yenyewe inalizuia gari na kurudisha umeme kwenye betri. Breki nazigusa mara chache. Nimerudi dukani nimeridhika nusu.

Baba Zaina asingechungulia. Angefungua tairi. Sijui kwa nini nimeandika hivi.

Alhamisi, 6 Februari

Sauti ipo. Baada ya kutoka sokoni nimegusa rimu ya kushoto, nikaungua vidole. Ya kulia baridi. Na harufu. Harufu ya breki iliyoungua naijua. Niliishi nayo.

Nimekaa kibarazani nikiwaza lile lori letu la zamani, Fuso la kijani. Wateja wawili wameingia na kutoka bila mimi kuwahudumia.

Ijumaa, 7 Februari



Gari lilikuwa limejaa chaji. Betri ikijaa, gari halina pa kupeleka umeme, kwa hiyo ukiinua mguu halijizuii. Linateleza tu. Niliteremka mteremko wa kutokea mjini, nikaona linakimbia, nikakanyaga breki. Chuma kikalia. Usukani ukavutwa kushoto. Kushoto alikuwepo mzee anasukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi.

Nilisimama. Karibu naye sana. Majani ya ndizi yaligusa kioo.

Yule mzee hakunitukana. Kasema, "Polepole, mama," akaendelea kusukuma. Afadhali angenitukana.

Nimeliacha gari hapo hapo pembeni. Vijana wa bodaboda wamelisukuma hadi uani kwa mwenye mashine ya kusaga.

Jumamosi, 8 Februari

Zaina alilia kwenye simu. Halafu akasema, "Mama, mpigie baba."

Baba yake ana gereji Kibondo. Kila mtu huku anajua kwamba magari ya umeme machache yaliyopo yanapelekwa kwake. Na mimi nilijua. Ndiyo maana nilikwenda stendi.

Sijaongea naye tangu talaka. Salamu za arusini na misibani sihesabu. Alioa mke wa pili Kakonko bila kuniambia. Nilizisikia habari kwa wapishi, kwenye shughuli ya watu, nikiwa nimeshika mwiko. Nikadai talaka yangu, akanipa. Zaina alikuwa darasa la pili.

Nimepiga. Alinitambua kabla sijataja jina.

"Mama Zaina. Gurudumu lipi?"

Hivyo tu. Hakuuliza hali. Kaniuliza moto, harufu, sauti, chaji. Nilipotaja chaji kaguna. Kasema breki imeng'ang'ania, haiachii, gari linatembea huku limeshikwa, ndiyo maana linakula umeme. Nisiliendeshe. Na mtu asilivute kwa kamba, kwa sababu gari hili halivutwi magurudumu ya mbele yakiwa chini. Lipandishwe juu ya lori.

Nilipokata simu nikagundua nimesimama. Sikumbuki nilisimama saa ngapi.

Jumapili, 9 Februari

Kibondo. Nimekuja ndani ya Fuso la kukodi, gari langu limefungwa kamba juu yake kama ng'ombe wa mnada.

Dereva alikuwa mkimya, nikapata nafasi ya kukumbuka. Lile letu lilikuwa na kiti kilichopasuka, nikakishona kwa uzi wa magunia. Tulibeba maharage kutoka Gwarama na Kasanda. Yeye usukani, mimi utingo. Watu walicheka, mwanamke wa Ujiji anaruka na kigogo mkononi kuzuia tairi. Nilikuwa hodari. Mlimani lori likianza kurudi nyuma, nilishafika chini kabla hajaniita. Matope hadi magotini. Mvua ikitukamata tulilala ndani, maharage nyuma yananuka ubichi, yeye anaimba kwa sauti mbaya mpaka nicheke. Asubuhi muhogo wa kuchoma na chai ya kopo.

Siku zile safari hii ilimaliza siku nzima, na ukibahatika. Sasa lami. Tumefika kabla sijamaliza kukumbuka.

Nimepanga chumba nyumba ya wageni. Gari limeshushwa gerejini. Baba Zaina hakuwepo, amekwenda kuzika jirani. Nimeshukuru.

Jumatatu, 10 Februari

Amekonda. Ndevu nyeupe zote. Mikono ni ileile.

Tumesalimiana kama watu wa benki. Kisha akaanza kazi, na hapo ikawa rahisi kidogo.

Kwanza alizima gari, akasubiri, akachomoa waya wa betri ndogo. Nikauliza kwa nini, wakati anashughulikia breki. Kasema breki za haya zinaamka zenyewe hata mtu akifungua mlango, na pistoni ikisukumwa vidole vikiwa ndani, basi. Akapiga jeki, akafungua tairi, akafungua kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, na kuining'iniza kwa waya ili mpira wa mafuta usibebe uzito.

Akanionyesha. Pedi ya nje nene, kama alivyosema fundi wa stendi. Ya ndani imekwisha. Chuma kitupu. Diski imechimbika mifereji. Zile pini mbili zinazoiachia kalipa iteleze zilikuwa zimeganda kwa kutu na udongo mwekundu. Zimeganda kwa sababu breki haitumiki. Gari linajizuia lenyewe, breki inakaa tu, inashika kutu. Likaja tope, likakauka humo.

Nilisema yule fundi ni mjinga. Akatikisa kichwa. "Kwa nje huwezi kuiona, Mama Zaina."

Pedi na diski zinatoka Dar, zinakuja na basi. Nisubiri.

Jumanne, 11 Februari

Hakuna basi. Inasemekana limekwama njiani.

Nimetembea. Nimepita ile nyumba tuliyopanga tulipooana. Imepigwa rangi, imewekwa bati jipya. Mwanamke alikuwa anaanika nguo za watoto mahali pale pale nilipokuwa naanika zangu. Nikamwonea wivu. Mtu nisiyemjua, na nguo zake zenyewe kuukuu.

Mchana Baba Zaina alituma chakula nyumba ya wageni. Ugali wa muhogo na samaki, migebuka kwa mawese. Kapika mwenyewe, aliyeleta kasema. Yule mke wa Kakonko aliondoka zamani, akarudi kwao. Hili nilikuwa silijui. Nimekula chote. Chumvi imezidi, kama zamani.

Nimechukia jinsi nilivyofurahi.

Jumatano, 12 Februari

Vifaa vimefika. Tumefanya kazi, nasema tumefanya, maana alinikabidhi msasa na mimi nikaufanyia kazi.

Alizing'oa pini kwa shida, mafuta ya kulainisha, nyundo ndogo, subira. Nikazisugua hadi zikang'aa. Akazipaka grisi ya breki, si ile ya kawaida, maana hiyo inayeyuka kwa moto. Akarudisha pistoni ndani taratibu kwa jiriwa, jicho likiwa kwenye kikopo cha mafuta ya breki yasifurike. Diski mpya, pedi mpya. Upande wa kulia nao kabadilisha, maana pedi zinabadilishwa pande zote mbili za ekseli, la sivyo gari litavuta. Pini za huko zilikuwa zimeanza kukaza.

Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama chai iliyolala. Kayataka yote yatoke. Kazi ya watu wawili. Akaingia chini, nikakaa kwenye usukani.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

"Achia."

Mara ngapi tulifanya hivi pembeni ya barabara, Zaina amelala mgongoni kwangu, mguu wangu ukifa ganzi, sauti ya baba yake ikitoka chini ya lori? Simwoni, namsikia tu. Leo vilevile. Nilijua atasema "shikilia" kabla hajasema. Machozi yamenitoka. Nimeyafuta kwa mkono wenye grisi, nikajichafua uso mzima. Hakuona. Au aliona.

Tulipomaliza alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akanawa muda mrefu. Akasema bila kunitazama:

"Nyumba ni kubwa. Nipo peke yangu. Nilikukosea, na nimekaa nalo. Urudi basi, Mama Zaina."

Nimemwambia nitamjibu kesho. Nimetembea hadi nyumba ya wageni bila kuaga vizuri. Nimekasirika. Nimefurahi. Nataka nyumbani kwangu.

Alhamisi, 13 Februari

Nimekwenda mapema. Alikuwa ameshachomeka waya wa betri ndogo na kuliosha gari.

Nimewaza sana. Lile Fuso nalitaka. Yule mwanamke mwenye matope magotini namtaka, nimemkosa kuliko mtu yeyote. Zile asubuhi za muhogo nazitaka. Lakini nikijaribu kujiona nimekaa ndani ya nyumba yake, jioni, tumewasha taa, sioni kitu. Nasikia tu mwiko mkononi na wapishi wamenyamaza ghafla.

Nimesema, "Baba Zaina, nimesamehe. Ni kweli, nimesamehe. Ila sirudi."

Alisimama. Akafuta kioo cha mbele ambacho kilikuwa safi.

"Ego," akasema, kwa Kiha chao, kama alivyokuwa akisema zamani anapokubali jambo lisilompendeza. Kisha, "Haya, tukajaribu breki."

Alinitaka nikanyage pedali mara kadhaa kabla ya kuondoka, mpaka ikae ngumu. Tukatoka nje ya mji, mimi usukani, yeye kando. Mara ya kwanza katika maisha yetu kukaa hivyo. Pasipo watu akasema niongeze mwendo, nitoe gia niweke katikati ili mota isisaidie, nikanyage breki kwa nguvu bila kushtua. Tena. Tena. Pedi mpya lazima zizoeane na diski. Na kuanzia sasa nifanye hivyo kila wiki, kutu isipate nafasi, na baada ya masika pini zifunguliwe zisafishwe.

"Ziguse, usiziache zikae tu," akasema.

Gari lilisimama limenyooka kila mara. Kimya kabisa.

Nilimrudisha gerejini. Akashuka, akagonga bati la juu mara mbili kwa kiganja, nikaondoka. Sikutazama kioo hadi Makere. Nimefika Kasulu na zaidi ya nusu ya chaji.

Jumapili, 16 Februari

Mvua tangu asubuhi. Sijafungua duka.

Zaina kapiga. Kauliza gari. Nikasema zima. Kisha akawa anazunguka, hali ya hewa, watoto, bei ya vitenge, najua alitaka kuuliza nini. Nikamwonea huruma.

Nikamwambia: baba yako ni mzima, amekonda kidogo. Alinipikia. Aliniomba nirudi, nimekataa. Na nilimpenda sana, Zaina. Tulikuwa na furaha kwenye lile lori, na wewe ulikuwepo, hukumbuki tu.

Nikamsikia akiketi. Kasema hajawahi kunisikia nikisema hivyo, tangu azaliwe.

Akaniomba nimsimulie. Nikavuta kiti karibu na dirisha, nikaanzia Gwarama.